Rafiki wa Upande wa Kulia

Bwenini, 9 Oktoba

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na wewe najua u mzima, maana mama alinipigia simu juzi akaniambia umewapa kidato cha pili mtihani wa hesabu siku ya kwanza ya muhula, kabla hata hawajapata pa kukaa. Nimewaonea huruma. Nyumbani wote wazima. Baba goti limempumzisha kidogo. Bibi anakohoa lakini amekataa kwenda kuonwa mpaka amalize shuka analolidarizi, na mama anasema shuka lenyewe halina dalili ya kuisha.

Uliniagiza nikuandikie barua badala ya kupiga simu, kwa kuwa mtandao wa huko kwenu unakatika. Basi haya ndiyo maisha ya chuo. Lango ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na linafungwa mapema. Bweni letu ni la ghorofa. Mimi niko juu kabisa, chumba cha mwisho, dirisha linatazama matanki ya maji. Kitanda ni cha chuma na hakipigi kelele. Ukumbi wa chakula ni mkubwa kiasi kwamba ukikaa mwishoni huwaoni wanaopakua. Darasa letu la upimaji ardhi liko nyuma ya karakana, na vifaa ni vizuri: darubini za kupimia, stendi zake za miguu mitatu, fimbo ndefu zenye alama, tepu za chuma. Wiki ijayo tutaanza kutoka nje kupima, kwa makundi ya wanne wanne.

Chakula kinatosha. Masomo naelewa. Usiwe na wasiwasi nami hata kidogo.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumba za walimu, 2 Novemba

Kijiti wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta chumba cha walimu, na rafiki yangu Mwalimu wa Jiografia akaisoma juu ya bega langu bila kuombwa, kama ilivyo kawaida yake. Unamkumbuka: ndiye yule niliyekuja naye nyumbani kwenu, akamaliza chai yote ya kwenye chupa huku akimsifu mama yako kwa kuipika. Yeye na mimi tumekaa meza moja ya pembeni tangu tulipoajiriwa, na kwa miaka yote hiyo sijanywa chai ya mapumziko bila kuelezwa mvua itanyesha lini. Anakusalimu sana.

Kidato cha pili walistahili. Kuna mmoja ameandika kwamba pembetatu ina pembe nne "kama ni kubwa".

Tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza lango, ghorofa, dirisha, kitanda, hata matanki ya maji, kama dalali anayemtembeza mteja. Watu wako wapi? Chumba kizima unalala peke yako? Hao wa kundi lako hawana sura, hawana vituko? Mtu asiye na wasiwasi hasahau kuandika watu.

Sitakubana zaidi, maana nakujua, ukisukumwa unajifunga kama konokono. Nitakusimulia tu yangu. Nilipofika chuo cha ualimu nilikaa wiki nyingi nikingoja wenzangu wanizoee. Hawakunizoea, walizoea kutoniona. Siku moja nikamwomba msichana wa kitanda cha jirani aniazime pasi. Ya kwangu ilikuwamo sandukuni, nzima kabisa. Akanipa, akakaa kunitazama ninavyokunja kola vibaya, uvumilivu ukamwisha, akaninyang'anya akanipigia mwenyewe. Tukacheka sana. Mpaka leo tunaandikiana. Kwa hiyo usingoje. Mwombe mtu kitu kidogo, kisichomsumbua, uone itakuwaje.

Na ndiyo, endelea kuandika. Simu ya huku inakwaruza, mtu anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Ujumbe wa simu nao siupendi. Watu wanaandika kama wanaogopa herufi zitaisha.

Mama yako mdogo

*

Bwenini, 20 Januari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nyumbani kwema. Bibi alikubali kwenda kuonwa, akapewa dawa ya maji, sasa anailalamikia kwamba haina uchungu, hivyo haiwezi kuwa dawa. Kikohozi kimekwisha lakini hataki kuipa dawa sifa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa na la kusema. Ulichodhani ndicho. Chumbani tuko wanne, na wale watatu wametoka shule moja. Wana vicheko vyao ambavyo mimi sina mwanzo wake. Kwenye kundi la kupima nilipewa fimbo, nikawa wa fimbo moja kwa moja. Kazi yangu ni kusimama mbali nikiwa nimeinyoosha, wenzangu wakisoma namba kwenye darubini. Siku nyingine jua zima linapita sijasema neno, nimesimama kama mlingoti usio na bendera.

Nilijaribu mbinu yako ya pasi. Nilimwomba mmoja wa chumbani sindano ya kushonea. Akanipa bila kuinua macho. Nikashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea, nikamrudishia, basi.

Lakini wiki iliyopita kulitokea jambo. Tulikuwa tunapima mwinuko wa ardhi kuzunguka uwanja wa mpira. Ukishazunguka unarudi pale pale ulipoanzia, na hesabu lazima ikuletee kimo kile kile ulichoondoka nacho. Ya kwetu ilipishana kwa nusu mita, utadhani uwanja ulizama tulipokuwa tukiuzunguka. Mkufunzi wa mazoezi ya nje ni mama mmoja mfupi ambaye wanafunzi humwita Jenerali. Akatuuliza kosa liko wapi.

Mimi nilikuwa nalijua. Nilipokuwa nikihama na fimbo nilipita karibu na kijana anayeandika, nikaona ameandika tatu mahali palipotajwa nane. Nikamwambia. Nikamwambia tena tulipofika kona ya pili. Hakugeuka, na mimi nikaacha.

Kundini yumo msichana mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu huanza kuongea akiwa bado na mswaki mdomoni. Akamwambia Jenerali, "Kijiti ameshasema tangu mchana. Kasema mara mbili. Mimi nilimsikia, ila nilikuwa katikati ya hadithi yangu."

Hilo jina la nyumbani nililitaja siku ya kwanza tulipojitambulisha, nikadhani limepotea na mengine yote. Kumbe kuna mtu alilishika.

Jenerali hakumkaripia yeyote. Aliniambia nirudi mpaka kigingi cha ng'ambo ya uwanja, niliseme lile kosa nikiwa huko. Nikaenda. Nikasema, akaweka mkono sikioni. Nikasema tena kwa nguvu, akaweka mkono sikioni. Mara ya tatu nilipiga ukelele hadi wapishi wakatoka jikoni kutazama, ndipo akainua kidole gumba. Niliporudi akaniambia kwa upole kwamba kazi hii ni ya watu waliosimama mbalimbali, na mwenye namba sahihi asiyesikika hajaisaidia timu yake.

Jioni Redio alinisubiri mlangoni mwa ukumbi wa chakula. Hakuniambia kwamba ananisubiri. Aliendeleza tu ile hadithi yake ya mchana kutoka pale alipoikatia.

Msalimu sana Mwalimu wa Jiografia.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumba za walimu, 3 Machi

Kijiti wangu,

Marahaba. Nimefurahi, nimefurahi, nimefurahi. Huyo Redio mshike. Anayekusikia akiwa katikati ya hadithi yake mwenyewe ni mtu wa nadra.

Na huyo Jenerali usimwachie hapo uwanjani. Nenda ofisini kwake siku isiyo na shida yoyote, umwulize yeye alianzaje kazi hii. Wanafunzi humfuata mkufunzi wakishazama tayari, na mtu anayezama hawezi kuelekezwa vizuri, anashikilia tu. Nenda ukiwa nchi kavu.

Mimi niko salama. Kazi ni nyingi. Siku hizi wakati wa mapumziko nabaki darasani nasahihisha, maana chumba cha walimu kina kelele. Wamepaka kuta za darasa langu rangi mpya, na madirisha yamewekwa vioo. Dawati la mbele limetengenezwa.

Wasalimu wote.

Mama yako mdogo

*

Bwenini, 28 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua barua zangu za mwaka huu wa pili zimekuwa fupi kama za mtu aliye kwenye foleni. Leo nimekaa. Mitihani imekwisha, masanduku yako mlangoni, na kesho asubuhi naenda nyumbani. Mama amesema wote wazima na Bibi ameanza shuka lingine, hili ni la harusi yangu. Nilimwuliza harusi ipi, akasema hiyo si kazi yake kujua.

Kwa Jenerali nilikwenda kama ulivyoniambia, na nimeendelea kwenda. Mara ya kwanza alinishangaa, akafikiri nimekuja kuomba alama. Nilipomwuliza alianzaje, alifunga mlango akanisimulia jinsi alivyokuwa mwanamke peke yake kambini, akilala kwenye hema la vifaa pamoja na vigingi. Tangu hapo naweza kumwuliza lolote. Majuzi nilimwonyesha nafasi mbili za kazi nilizoitwa. Moja ni ya ofisi kubwa ambako wageni wanakaa miaka wakinakili ramani. Nyingine ni ya kampuni ndogo ya mzee aliyemfundisha kazi Jenerali mwenyewe. Hakunichagulia. Aliniuliza tu ni wapi nitamwona mtu mwingine akifanya kazi vizuri kila siku. Nimeikubali ile ndogo.

Redio na mimi jana tulizunguka chuo kizima tukiaga. Yeye aliaga hadi mbwa wa mlinzi. Mwaka uliopita kwenye baridi nilipougua, yeye ndiye aliyeniletea uji, akaninukulia masomo yote, na pembeni ya kila ukurasa akaandika nani kagombana na nani siku hiyo ili nisipitwe. Tumeahidiana kuandikiana kila wiki. Yeye bado hajaitwa popote lakini hana wasiwasi, anasema kuna ofisi mahali inajiandaa kwa makelele.

Mama Mdogo, Mwalimu wa Jiografia vipi? Hujamtaja muda mrefu, na kila barua nakutumia salamu za kumpa.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumba za walimu, 30 Julai

Kijiti wangu,

Marahaba, na hongera. Mama yako ameniandikia kwamba alama zako zimewafanya waite majirani. Ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni, ingawa sasa umerefuka na miguu yako ingeburuta.

Huyo mzee wa kampuni mtazame mikono zaidi kuliko mdomo. Watu wengi wazuri wa kazi hawajui kueleza wanachofanya.

Hapa shuleni watu wote wazima. Tumeletewa ubao mpya.

Mama yako mdogo

*

Chumba cha kupanga, nyuma ya soko, 14 Novemba

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimetoka kuongea na mama. Goti la baba limerudia ukorofi wake, ila anatembea. Bibi hajambo, anakuulizia.

Kazi ni nzuri. Mzee wa ofisi anasema kidogo, lakini akisimika darubini unapenda kuangalia. Anagusa kila mguu wa stendi kama anayemtuliza mtoto. Wenzangu ofisini ni watu wazima wenye familia zao. Saa kumi wanaaga wanaondoka, na sina ubaya nao. Kwenye kikao nikitoa wazo, linapita kama upepo, na baada ya muda mtu mwingine analileta tena likiwa lake. Halafu narudi chumbani, na kikombe nakikuta pale pale nilipokiacha asubuhi. Chuoni sikujua kwamba kuishi na mtu kunajulikana kwa vikombe kuhama.

Lakini kinachoniuma ni Redio. Mwanzoni alijibu. Halafu akajibu kwa neno moja, halafu hakujibu. Tangu Agosti yuko kimya kabisa. Ujumbe anausoma, naona, lakini hajibu. Nimejiuliza nimemkosea nini na sioni. Nilidhani urafiki ule ulikuwa wa kudumu. Labda ulikuwa wa bwenini tu, kama vitanda, unaondoka unauacha.

Nishauri nifanye nini.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumba za walimu, 19 Desemba

Kijiti wangu,

Marahaba. Wasalimu nyumbani.

Kuhusu rafiki yako, mwache. Watu hubadilika. Usimfuate mtu aliyenyamaza, huenda ana sababu zake. Fanya kazi yako.

Mama yako mdogo

*

Chumba cha kupanga, 17 Januari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, salamu zao zote nakupa kwa pamoja ili nifike haraka kwenye jambo lenyewe.

Barua yako ya Desemba niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa nikaisoma tena. Haikufanana na wewe. Wewe ndiye uliyeniambia nisingoje watu. Sasa unaniambia nimwache. Mara ya kwanza katika maisha yangu sikukutii, unisamehe. Jumamosi nilipanda basi nikaenda kwao.

Nilimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake, amekaa nyuma ya makopo ya rangi, hasemi. Kaka mtu alikuwa nje akipakia mabati na hakuna hata redio iliyokuwa ikilia. Aliponiona alisimama, akakaa tena. Nikaomba brashi ndogo ya rangi. Ndicho kitu cha kwanza kilichonijia. Akainuka kuitafuta, akaniuliza ya mbao au ya ukuta, kisha akaisahau brashi akanivutia kiti.

Alinieleza polepole. Alikuwa ameomba kazi kila mahali na hakuitwa. "Uliponiambia umepata, nilifurahi kweli," akasema. "Nikasema nitakujibu vizuri nikishapata yangu. Sikupata. Ikawa kila ujumbe wako ukiingia naona kama unanisuta, na wewe hunisuti, unaniuliza tu kama nimekula."

Nami nikamweleza kwamba ofisini ninasema na hakuna anayeshika, na kwamba siku nyingi nimetamani awepo mtu mmoja mezani wa kusema, Kijiti ameshasema. Kumbe kila mmoja wetu alidhani mwenzake yuko sawa. Tulikaa mpaka duka likafungwa.

Mama Mdogo, sasa nakuja kwako, na naomba usikasirike. Tukiwa pale tulikupigia simu, maana Redio amekuwa akitaka kukusikia tangu mwaka wa kwanza. Mtandao ulikuwa safi. Nilikuuliza Mwalimu wa Jiografia hajambo, ukanijibu kwamba umeme ulirudi asubuhi. Nikauliza tena kwa nguvu. Ukacheka, ukasema, "Haya mwanangu, na wewe pia," ukakata.

Redio akanitazama. Akasema, "Mama yako mdogo hajasikia hata neno moja."

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga. Tangu ile ya Machi, mwaka wangu wa kwanza, hazina watu wa huko kwenu. Zina rangi ya ukuta, vioo, dawati, ubao. Ulinifundisha mwenyewe kusoma barua za namna hiyo.

Nakuuliza kwa heshima zote, kama mwanao: masikio yako yakoje? Na rafiki yako yuko wapi?

Kijiti

*

Chumba cha kupanga, 2 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikuandiki kukubana. Nakupa habari tu.

Kampuni yetu imepata kazi ya barabara na walihitaji mtu wa ziada wa kuandika vipimo. Nikamwambia mzee wa ofisi namjua mmoja. Kikaoni hakuna aliyegeuka, basi nikasimama nikalisema kwa sauti ya ng'ambo ya uwanja. Mzee akacheka, akasema mlete tumwone. Redio ana mkataba wa miezi michache, na huenda ukaongezwa, huenda usiongezwe. Analala kwangu mpaka apate chumba. Ofisi nzima sasa inajua habari za kila mtu, na wale wenye familia zao wameanza kuchelewa kuondoka.

Bibi anauliza kama shuka la harusi litiwe pindo jekundu. Nimemwambia anavyoona yeye.

Nitaandika tena mwezi ujao, ujibu usijibu.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumba za walimu, 21 Aprili

Kijiti wangu,

Marahaba, na marahaba za barua zote mbili. Mwambie Bibi pindo jekundu litapauka, aweke la buluu.

Nilikukasirikia. Barua yako ya Januari niliiweka chini ya godoro nikaapa sitaijibu, na nikawa kila nikilala naisikia. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nasikia vizuri.

Lilianza sikio la kushoto, kabla hujaingia chuo. Nikadhani ni mafua. Halafu la kulia likaanza kufifia nalo. Siku moja darasani msichana aliniuliza swali, nami nikamjibu lingine kabisa, darasa likacheka. Hawakuwa na ubaya, wangemcheka yeyote. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuandika kila kitu ubaoni na kukataza maswali mpaka mwisho wa kipindi, na mwisho wa kipindi nilikuwa natoka haraka. Nimefundisha hesabu miaka yote hii kwa sababu ya maswali. Bila maswali nilikuwa napaka tu chokaa ukutani.

Na rafiki yangu. Tulikuwa tukirudi nyumbani pamoja kila siku, yeye akitembea kushoto kwangu. Alikuwa anaongea na mimi sijibu. Kuna siku aliniambia jambo zito, nikaona midomo yake tu na macho yake yakinisubiri. Nikatabasamu nikaendelea kutembea. Sikuthubutu kumwambia arudie. Ningemwambia arudie hilo, ningelazimika kumwambia na mengine. Baada ya hapo hakunisubiri tena getini. Nami nikahamia darasani wakati wa chai, nikakuandikia wewe kwamba chumba cha walimu kina kelele. Kwangu mimi hakikuwa na kelele hata kidogo.

Kwa hiyo uliponiuliza kuhusu Redio, nilikujibu kwa niaba yake. Nilitaka aachwe kwa sababu nilitaka niachwe.

Ulipoandika mara ya pili bila kuniuliza kitu, hasira iliniishia. Jumapili moja mchana nikavaa viatu nikaenda kwake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na alipofungua mlango yote yakanitoka. Nikamwambia, "Mimi sisikii. Sijakusikia karibu miaka miwili."

Alinitazama, akanishika mkono akaniingiza ndani. Akavuta kiti akakaa upande wangu wa kulia, karibu sana, akasema polepole ili niuone mdomo wake: "Nilidhani umenichoka."

Siwezi kukueleza zaidi nilivyojisikia. Tulilia kama watoto, na sote ni watu wazima wenye miwani.

Lile jambo zito la siku ile ni kwamba dada yake alikuwa amefariki. Alikuwa ananiambia mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi nikamtabasamia. Mwanangu, kwa muda wote huo alibeba msiba wake na tabasamu langu pamoja. Nimemwomba msamaha na amenisamehe, lakini hilo nitakuwa nalo.

Tulikwenda hospitali wote wawili, maana aliogopa nitamwitikia daktari "ndiyo" kwa kila kitu. Nimepewa kifaa kidogo cha kuvaa sikio la kulia. La kushoto daktari hakunipa matumaini. Siku za kwanza kilinitesa: karatasi zinapasuka kama mabati, vijiko kama vita. Mwalimu mkuu nilimwambia mwenyewe, akasema alikuwa amedhani nimekuwa na kiburi cha uzee. Tumepanga madawati nusu duara ili nione midomo yao. Nikawaambia wanafunzi pia. Yule msichana wa swali akanyoosha mkono, akaniuliza swali lake la siku ile, lile lile. Lilikuwa swali zuri.

Sasa tunarudi nyumbani pamoja tena, yeye kulia. Jana tulipita njia ndefu inayozunguka kiwanda cha mbao, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka. Alikuwa amesimulia weee, na katikati ya njia akaacha. Nikamgeukia kumtazama mdomo, kama nilivyozoea, nikihofu nimepitwa na kitu. Mdomo haukuwa unasema lolote. Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, nikasikia vyangu. Alikuwa amenyamaza tu, nami nikanyamaza naye, tukatembea hivyo mpaka nyumbani.

Mama yako mdogo